Sukari ya asubuhi haitokani na chakula cha jana pekee

Umelala sukari ya damu ikiwa 6.8 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu). Alfajiri unachoma kidole, tone la damu linaingia kwenye kijiti, kipimo kinaonyesha 9.4. Nyumbani wanakutazama: "Umekula nini usiku?" Wengi wenye kisukari aina ya pili wameambiwa hivyo miaka mingi, hata wakaanza kulala njaa. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi hawana kosa.

Ini ni ghala la sukari. Kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi, mwili hujiandaa kuamka: homoni kama kortisoli na ile ya ukuaji hupanda, na ini huachilia glukosi kwenye damu. Kwa asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini, homoni inayoshusha sukari, mara moja na mambo yanatulia. Kwa mwenye aina ya pili, insulini haitoshi au mwili hauitikii vizuri, basi sukari inapanda hata tumbo likiwa tupu.

Mlo mzito wa usiku nao huchangia, sikatai. Lakini kuacha kula hakulifungi ghala, na kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, sukari inaweza kushuka vibaya usingizini.

Pima kabla ya kulala, saa tisa usiku na ukiamka, kwa siku chache. Mpelekee daktari namba hizo. Huenda akabadilisha dawa au saa ya kuinywa. Usiibadilishe mwenyewe. Matembezi mafupi baada ya chakula cha jioni pia husaidia.