Bushi za shokapu ya baiskeli ya milimani: yanayosemwa na ukweli wake

“Nyuma ikicheza, kaza bolti.”

Dhana hii ndiyo inayokula pesa. Bushi ni bomba dogo lililobanwa ndani ya jicho, yaani tundu la mwishoni mwa shokapu, na pini ni mhimili unaopita ndani ya bushi. Kazi ya bolti ni kushika pini mahali pake; haiwezi kuirudisha bushi iliyolika kwenye saizi yake. Ukiikaza kupita kiwango kilichoandikwa kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), utaua meno ya aluminiamu kwenye fremu.

Kwanza tafuta kinachocheza. Shika tandiko, livute juu kidogo bila kuinua tairi, huku kidole cha mkono wa pili kikigusa jicho la shokapu na fremu kwa pamoja. Bushi iliyoisha utaisikia ikigonga pale kabla tairi halijaanza kunyanyuka. Kisha sukuma tairi kushoto na kulia: mchezo wa ubavuni hutoka kwenye beringi za viungo vya fremu, habu (kitovu cha gurudumu) au ekseli, na hapo bushi mpya haisaidii kitu.

“Mchezo mdogo hauna neno.”

Fremu ambayo tairi lake la nyuma husafiri mm 150 kwa shokapu inayobonyea mm 55 huzidisha mwendo takriban mara 2.7. Pengo la mm 0.2 kwenye jicho huwa zaidi ya nusu milimita kwenye tairi.

“Ikilia, ipake grisi.”

Bushi nyingi za jicho ni bomba jembamba la chuma lenye utando wa teflon ndani, nazo zimeundwa kufanya kazi kavu. Rangi ya shaba ikishachungulia, utando umekwisha. Grisi haiurudishi, inanasa vumbi tu. Beringi za fremu ndizo zinazotaka grisi nyingi. Hazizunguki mzunguko mzima, hucheza nyuzi chache tu, hivyo gololi hugonga palepale na kuchimba vishimo.

“Nyundo inatosha.”

Inatosha kuharibu jicho. Andika presha ya shokapu, toa hewa, kisha ifungue kwenye fremu. Kabla ya kuendelea, inua sehemu ya nyuma ya fremu kwa mkono na uiachie: ishuke yenyewe. Ikikwama au kukwaruza, beringi nazo zimekufa.

Tafuta jiriwa na soketi mbili. Moja iwe nyembamba kidogo kuliko bushi, ambayo kwa nje huwa karibu mm 15. Nyingine tundu lake liweze kuimeza. Bana polepole mpaka bushi ya zamani ihamie kwenye soketi pana. Mpya ianze ikiwa imenyooka. Ikienda upande, legeza uanze upya, usiilazimishe. Kupasha jicho moto ni hatari: ndani kuna sili (vizuizi vya uvujaji), na shokapu nyingi zina naitrojeni yenye presha kubwa.

Pini ikikataa kuingia kwa urahisi, usishtuke. Bushi mpya huibana, na mwanzoni pini huzunguka kwa ugumu. Lakini pini ya zamani iliyochubuka rangi, au yenye mfereji unaonasa kucha, itakula bushi mpya mapema. Badilisha vyote pamoja.

“Saizi ni moja.”

Pini nyingi ni za mm 12.7, ila vipande vya pembeni, vinavyojaza nafasi kati ya jicho na fremu, hufuata fremu. Pima kwa kalipa upana kati ya masikio ya fremu (sehemu mbili zinazoshika shokapu) na kipenyo cha bolti. Utaandika kitu kama 22.2 × 8. Kwa beringi, soma namba kwenye sili: 6902 ni 15 × 28 × 7 (tundu, kipenyo cha nje na unene kwa mm), wakati 6802 ni 15 × 24 × 5. Tundu ni lile lile, beringi ni tofauti.

“Fundi wa lethi atachonga.”

Vipande vya pembeni vya aluminiamu, ndiyo, na mara nyingi huvichonga vizuri akipewa vipimo hadi sehemu ya kumi ya milimita. Bushi yenye utando hachongi mtu. Ya shaba tupu itakuvusha ukisubiri vipuri, mradi uipake grisi na kuikagua mara kwa mara, kwa sababu vumbi likiingia humo pini ndiyo hulika kwanza.