Nauru ni nchi gani?

Nauru ni nchi ya kisiwa kimoja tu katika Bahari ya Pasifiki, chini ya kilomita 60 kusini mwa ikweta. Eneo lake ni kilomita 21 za mraba. Ndani ya Unguja zingeenea Nauru zaidi ya 70. Duniani ni Vatikani na Monaco pekee zilizo ndogo kuliko hiyo. Wakazi wake ni takriban 12,000, fedha yao ni dola ya Australia, na mji mkuu rasmi hawana: bunge lenye viti 19 na ofisi za serikali ziko katika wilaya ya Yaren. Katika bendera yao, mstari wa njano ni ikweta, nyota nyeupe iliyo chini yake ni kisiwa chenyewe, na ncha 12 za nyota hiyo ni makabila 12 ya asili.

Lakini asiyejua habari ya fosfeti bado hajaijua Nauru. Fosfeti ni mwamba unaotengenezewa mbolea. Watanzania wanaujua kutokana na machimbo ya Minjingu, mkoani Manyara. Nauru ilikuwa nayo ya kiwango cha juu sana, imejaa katikati ya kisiwa, kwenye uwanda wa juu ambao wenyeji huuita Topside. Kampuni ya kigeni ilianza kuichimba mwanzoni mwa karne ya 20, wakati kisiwa kikiwa chini ya Wajerumani. Australia ilikiteka mwaka 1914, na baada ya vita uchimbaji ukawa mikononi mwa tume ya pamoja ya Uingereza, Australia na New Zealand. Mbolea ikanenepesha mashamba ya Australia na New Zealand kwa bei nafuu, huku wenye ardhi wakilipwa kidogo mno.

Wajapani nao walikikalia kisiwa kuanzia 1942 na kuwahamisha kwa nguvu Wanauru 1,200 hivi hadi visiwa vya Truk. Walionusurika, watu 737, walirudishwa nyumbani tarehe 31 Januari 1946. Ndiyo sababu uhuru ulitangazwa tarehe hiyohiyo mwaka 1968, Hammer DeRoburt akiwa rais wa kwanza.

Kabla ya hapo Australia ilikuwa imependekeza taifa zima lihamie kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland, kwa kuwa machimbo yalikuwa yakiimaliza ardhi. Wanauru walikataa mwaka 1964. Wangepewa makazi na uraia wa Australia, ila si nchi yao wenyewe. Kwangu mimi, uamuzi huo ndio jambo kubwa kuliko yote katika historia yao, maana bila huo leo pasingekuwa na Nauru ya kueleza.

Baada ya uhuru machimbo yakawa mali ya taifa, na katika miaka ya 1970 pato kwa kila mtu lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Serikali ilijenga ghorofa refu la Nauru House mjini Melbourne, ikaanzisha shirika la ndege, hata ikagharamia tamthilia ya muziki jijini London mwaka 1993, ambayo haikufanikiwa. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku fosfeti itakapokwisha ililiwa na uwekezaji mbovu, matumizi na madeni. Ghorofa la Melbourne liliuzwa mwaka 2004. Tangu 2001, kwa vipindi, sehemu kubwa ya mapato imetokana na kuwashikilia waomba hifadhi kwa niaba ya Australia, jambo ambalo watetezi wa haki za binadamu wamelilaani mara nyingi, na kwa haki kabisa.

Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa uharibifu uliofanyika kabla ya uhuru. Mwaka 1993 Australia ilikubali kulipa dola milioni 107 za Australia. Hata hivyo sehemu kubwa ya Topside bado ni minara ya mawe ya matumbawe iliyobaki baada ya fosfeti kukwanguliwa, hailimiki wala haijengeki. Watu wamebanana kwenye ukanda mwembamba wa pwani, chakula kingi huja kwa meli, na kisukari kimeenea mno. Kwa kuwa bahari inapanda, serikali sasa ina mpango wa kusawazisha sehemu ya Topside ili watu wahamie huko juu.