Maji Meupe Si Lazima Yawe Salama: Pima Urani Kwenye Kisima Chako

Kila kiangazi kinapokolea, mashine za kuchimba visima virefu hushughulika sana Dodoma na Singida, na swali ni lile lile: maji meupe, hayana harufu, ya nini tena kupima? Tunaomba swali hili liachwe. Urani, metali ya asili yenye mionzi, na aseniki, sumu ya asili itokayo kwenye miamba, havibadilishi rangi ya maji wala ladha.

Wengine hudai urani ni habari ya migodi. Si kweli. Urani imo ndani ya granaiti yenyewe, ule mwamba mgumu wa chini ya ardhi. Maji ya mvua yanayopenya ardhini yakiwa na oksijeni na baikabonati huiyeyusha taratibu na kuibeba hadi mbugani, yaani mabonde tambarare yanayotuamisha maji, ambako jua huyakausha na urani ikabaki kwenye tabaka la chokaa. Ndivyo mashapo ya urani ya Bahi (Dodoma) na Manyoni (Singida) yalivyojijenga, bila mkono wa mchimbaji yeyote. Hatusemi kila kisima cha huko kina tatizo. Tunasema kisima cha jirani si ushahidi wa chako, kwa sababu nyufa za mwamba hutofautiana.

Hofu ya mionzi nayo imepitiliza. Kwenye maji ya kunywa, kinachotangulia kuumia ni figo, kutokana na sumu ya metali yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 30 za urani kwa lita. Za aseniki ni 10. Na kuchemsha hakusaidii! Vijidudu hufa, maji hupungua kwa mvuke, metali inabaki sufuriani.

Kibali cha kuchimba hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde, chombo cha serikali kinachosimamia maji ya eneo husika, na mchimbaji lazima awe na leseni hai. Kukiuka Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ni kosa la faini au kifungo. Kabla ya kuchukua sampuli, pampu iendeshwe hadi maji yaliyotuama yatoke yote. Chupa itoke maabara, isiwe ya soda iliyosuuzwa. Mtaalamu, si mwenye kisima, ndiye hutia tindikali kidogo ya nitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Chupa iandikwe kijiji, kina cha kisima, tarehe na saa.

Cheti cha vijidudu na chumvi hakisemi lolote kuhusu urani. Ukifika maabara, taja kipimo kwa jina. Matokeo yakizidi kiwango, usifukie kisima: maji yake yanafaa kuoga, kufulia na kujengea. Ya kunywa na kupikia tafuta kwingine, au funga mtambo wa osmosisi rejeshi, unaosukuma maji kupita kwenye utando unaochuja metali, kisha upime tena maji yaliyochujwa kabla ya kuwapa watoto.