Fundi, iko na ngapi?

Jumatatu ni siku ya wapiga picha kwangu. Jumamosi walikuwa kwenye ndoa, Jumapili kwenye ubatizo, Jumatatu wananiletea vilivyoumia. Wiki iliyopita, kabla sijashika bisibisi, kijana wa tatu kwa asubuhi hiyo hiyo aliweka Canon yake mezani akaniuliza: "Fundi, niangalilie, iko na ngapi?"

Pete ya fokasi ilikuwa inasaga mchanga. Kifuniko cha mlango wa kadi kilikuwa kimeshikwa na gundi ya bomba. Hayo hakuyauliza. Alitaka namba.

Namba yenyewe ni hesabu ya mara ambazo shata, yaani pazia ndogo zilizo mbele ya sensa inayopokea picha, imefunguka na kujifunga. Hapa Goma watu wanaisoma kama kilometa za pikipiki: aparei, yaani kamera, ikifika laki moja imezeeka, ikifika laki na nusu iuze haraka kabla haijakufia mkononi. Kwa imani hiyo nimeona aparei nzima zikitupwa kwa bei ya viatu, na magofu yakinunuliwa ghali kwa sababu tu "iko na elfu kumi na mbili."

Tuanze na hizo laki zinatoka wapi. Canon ilitaja 150,000 kwa aparei yake ya 5D Mark III. Nikon ilitaja 200,000 kwa D850 na 400,000 kwa D5. Ni namba za majaribio ya kiwandani, ambako shata hupigishwa mfululizo kuonyesha kwamba ina uwezo wa kufika pale. Si tarehe ya kufa. Iko shata itakayokatika kwenye 40,000, na iko itakayopita 300,000 bila kukohoa. Tena shata ni kipuri kama vipuri vingine: inafunguliwa, inatolewa, inawekwa nyingine. Hakuna anayetupa gari kwa sababu klachi imeisha.

Namba yenyewe nayo si ya kuaminiwa sana. Nikon nyingi huiandika ndani ya faili la picha, unaisoma bure. Canon nyingi haziiandiki humo, inahitaji programu maalumu, kwa hiyo ile unayotajiwa na muuzaji mara nyingi ameitoa kichwani. Na ubao mkuu ukibadilishwa, hesabu inaweza kuanza upya.

Anayedhani namba ndogo ni afya, akumbuke Nikon D600 ya 2012. Zilikuwa mpya kabisa, na bado sensa zilijaa madoa ya vumbi na mafuta. Mwaka 2014 kampuni ilitangaza kuzikagua, kuzisafisha na kuwabadilishia wenye nazo shata bila malipo, hata kama garanti ilikuwa imeisha.

Mwaka jana nilikuwa na aparei mbili mezani siku moja. Ya kwanza ilikuwa na 12,000 na kitu, imelala miaka mitatu ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini, nyumba ya karibu na ziwa. Nilipoiwasha taa ndani ya lenzi nikaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui: kuvu. Zilikuwa zimeshakula rangi ya kioo, na hiyo hairudi. Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja anayepiga ndoa tangu zamani, 260,000 na zaidi, rangi imetoka pembeni hadi chuma kinaonekana. Niliisafisha sensa, nikakaza skrubu mbili, akaenda nayo. Jumamosi ile ile ilifanya kazi. Sasa niambie ipi ni nzee.

Ukitaka kujua hali ya shata, usiniulize mimi, iulize yenyewe. Elekeza kwenye anga au ukuta mweupe, piga kwa kasi ya 1/4000 ya sekunde, kisha 1/1000, kisha 1/100. Kwenye kasi kubwa pazia mbili zinafukuzana, ufa mwembamba unapita mbele ya sensa. Pazia moja ikichoka, ufa haubaki sawa, na upande mmoja wa picha unakuwa mweusi zaidi. Ukiona hivyo kwenye 1/4000 tu, una muda wa kutafuta kipuri. Ukiona ukanda mweusi kila kasi, au Canon ikakuandikia kwenye skrini hitilafu ya Err 20 au Err 30, hapo njoo. Err 01 mara nyingi ni vigusio vya lenzi vichafu tu; vifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kulia.

Kinachoua aparei katika mji huu ni vumbi, na hilo ndilo hakuna anayeniuliza. Tunaishi juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mawe yake ndiyo tunayoyajengea na kuyamwaga barabarani. Matairi yanayasaga, upepo unayabeba. Si vumbi laini kama unga wa muhogo. Lina punje ngumu zenye kingo kali. Likiingia kwenye pete ya zumu, linaila. Likikaa juu ya lenzi nawe ukalifuta kwa shati, umelipiga kioo msasa. Na mtu anashuka kwenye pikipiki pale mtaa wa Birere, aparei inaning'inia kifuani bila kifuniko, halafu ananiuliza iko na ngapi!

Kwangu utaratibu ni huu: zima kwanza, ielekeze chini, badilisha lenzi ukiwa umegeuzia upepo mgongo, halafu kifuniko kirudi mara moja. Nyumbani, ondoa ule mkoba wa ngozi. Chukua ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, weka vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vikaushe tena vikishiba. Ndoo haiwezi kukugharimu kama kioo kipya.

Lipo wanalolifanya wakidhani wanasafisha: kupuliza kwa mdomo. Unapuliza mate. Mwingine aliipeleka aparei yake kwa fundi wa matairi ipulizwe kwa kompresa. Hewa ile ina mafuta na maji ndani yake, na nguvu yake inatosha kupinda pazia za shata, ambazo ni nyembamba kuliko unavyofikiri. Nunua kipulizio cha mpira cha kubana kwa mkono, basi. Na kwenye aparei zisizo na kioo cha kuruka ndani (mirrorless), kama EOS R ambayo hufunga shata ukiizima, usiguse kamwe hicho kipazia kwa kidole.

Wengine wananiambia: "Video inamaliza shata kwa sababu ni picha 25 kila sekunde." Hapana. Ukirekodi, shata inafunguka na kubaki wazi; sensa inasomwa kwa umeme. Hotuba nzima ya baba wa bibi harusi ni sawa na mpigo mmoja au miwili. Kinachoteseka kwenye video ndefu ni joto na betri. Vilevile, ukitumia shata ya kielektroniki pazia hazisogei kabisa. Ila usikimbilie kuitumia kanisani kwenye taa za LED, utapata mistari, kisha utaniletea ukisema sensa imekufa.

Sensa nayo haichakai kwa picha. Wanaosema "sensa imekwaruzwa" karibu wote wamekwaruza kioo cha kichujio kilicho mbele yake. Kinachoweza kuiunguza kweli ni leza za jukwaani. Taa zile zikianza kucheza kwenye tamasha, usiielekeze huko.

Mkwaruzo mmoja mbele ya lenzi hauonekani pichani. Mbaya ni wa kioo cha nyuma, ule karibu na sensa. Nimenunua lenzi tatu nzuri kutoka kwa watu waliokata tamaa kwa mkwaruzo wa mbele, na siwezi kusema nina huzuni.

Aparei iliyoandikwa kwamba inavumilia maji haivumilii ukiifunga na lenzi isiyo na mpira wake wa kuzuia maji. Mpira nao unazeeka.

Kufomati kadi hakuichoshi. Kinachovunjika ni pini za ndani za mlango wa kadi za CF (CompactFlash), ukisukuma kadi kwa upande. Kusukuma kwa hasira kunalipa kodi yangu ya nyumba.

Betri: hakuna haja ya kuchaji kwa muda wa saa nane siku ya kwanza, wala kuiacha ife kabisa kabla ya kuchaji. Hayo ni ya betri za nikeli za zamani. Lithiamu inachukia kuachwa sifuri. Ukiiweka miezi, iache nusu, mahali pa baridi. Na ikivimba ikakwama ndani, usiichokoe kwa kisu. Iache humo humo uniletee, na usiichaji njiani.