Je, wajua kwa nini wawindaji wengi wa kulungu Marekani wanahamia risasi za shaba?

Mwindaji anayejiandaa kwa msimu wa kulungu wa mkia mweupe nchini Marekani hununua au hujitengenezea risasi yenye sehemu nne: ganda, fataki inayowasha, baruti, na kichwa kinachoruka hadi kwa mnyama. Mabishano mengi ya wawindaji huhusu kaliba, yaani ukubwa wa risasi ya bunduki, kama ni .243, .270 au .30-06, lakini kwa kulungu wa kawaida zote hizo zinatosha, mradi mpigaji ana shabaha. Kinachoamua zaidi ni kichwa, na hasa namna kinavyobadilika katika muda mfupi mno baada ya kugusa ngozi.

Kichwa cha kijeshi, ambacho gamba lake gumu limefunika ncha yote, hupenya moja kwa moja na kuacha tundu jembamba; mnyama aliyepigwa hivyo anaweza kukimbia mbali na kufia asikoonekana. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani hukataza vichwa vya aina hiyo katika uwindaji wa kulungu na kutaka vile vinavyopanuka. Kwa zaidi ya miaka 100 kichwa kinachopanuka kimetengenezwa kwa kiini cha madini ya risasi (lead kwa Kiingereza) kilichovikwa gamba jembamba la shaba, huku ncha ikiachwa wazi ili kiini kibonyee na kufunguka kama uyoga. Madini hayo yalifaa kwa sababu ni laini na ni mazito: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa takriban gramu 11.3, ilhali shaba ina gramu 9 hivi. Uzito mkubwa katika umbo fupi humaanisha kichwa kinachohifadhi mwendo wake vizuri hewani.

Ulaini huohuo, hata hivyo, ndio chanzo cha tatizo. Kichwa kinapomfikia mnyama kikiwa na kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, kiini hakipanuki tu, bali pia humeguka, na vipande vidogo kama chembe za mchanga hutawanyika mbali na njia ya jeraha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watafiti wa Marekani walipiga picha za eksirei mabaki ya kulungu waliouawa na wawindaji wa kawaida. Asilimia 74 ya waliopigwa kwa vichwa vyenye madini ya risasi walionyesha zaidi ya vipande 100 kila mmoja. Kulungu 4 waliopigwa kwa vichwa visivyo na madini hayo walikuwa na vipande 6 tu kwa jumla yao. Picha hizo, ambazo chembe nyeupe zimejaa kifuani hadi mbavuni, zimewashawishi wawindaji wengi kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa zinaonyesha nyama ambayo mwenyewe angeipeleka jikoni.

Mwaka 2008 jambo hilo lilifika mezani kwa watu wasiowinda kabisa. Katika jimbo la North Dakota, nyama ya kulungu ya kusaga iliyotolewa msaada kwa wahitaji iligunduliwa kuwa na chembe za madini hayo, na vituo vilivyokuwa vikiigawa vikaagizwa kuitupa. Vipimo vya damu vilivyofuata, vilivyohusisha wakazi 738 wa jimbo hilo, vilionyesha kwamba walaji wa nyama ya porini walikuwa na kiwango cha juu kidogo cha madini hayo kuliko wasioila. Si kiwango cha kumlaza mtu mzima hospitalini, lakini mtoto mdogo na mama mjamzito hawana kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mzazi yeyote angelitilia hilo maanani.

Walioumia zaidi ni ndege. Mwindaji akishampasua kulungu, matumbo huachwa porini, na huko California yamekuwa chakula cha kondori, ndege mkubwa wa jamii ya walamizoga ambaye mwaka 1982 alikuwa amebakia na idadi ya ndege 22 tu duniani. Asidi ya tumbo la ndege huyo huyeyusha chembe za madini, sumu huingia katika damu, na mfumo wake wa kusaga chakula hupooza hata akafa kwa njaa akiwa ameshiba. Kwa sababu hiyo California ilipiga marufuku risasi zenye madini hayo katika makazi ya kondori kuanzia mwaka 2008, kisha katika uwindaji wote wa jimbo kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Denmark nayo ilipiga marufuku vichwa vya bunduki vya madini ya risasi mwaka 2024.

Kichwa cha shaba tupu hutobolewa shimo kwenye ncha. Kinapompata mnyama, majimaji ya mwili husukuma ndani ya shimo hilo na kuipasua ncha katika ndimi, mara nyingi nne, zinazokunjika nyuma bila kukatika. Kichwa kinachookotwa chini ya ngozi ya upande wa pili huwa kimehifadhi karibu uzito wake wote, ilhali cha kawaida huweza kupoteza theluthi moja au zaidi. Kasoro yake ni kwamba kinahitaji kasi: vingi havifunguki vizuri chini ya mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Risasi ya .30-06 yenye kichwa cha gramu 9.7 hutoka mtutuni kwa takriban mita 890 kwa sekunde na kupoteza kama mita 200 za kasi hiyo inapofika umbali wa mita 300, kwa hiyo nafasi ipo, lakini si ya kuchezea. Ndiyo sababu wenye uzoefu huchagua kichwa chepesi zaidi: aliyetumia gramu 11.7 huchukua 9.7 ili apate kasi, bila kuhofia kichwa kusambaratika.

Kwa anayejaza risasi zake mwenyewe, mabadiliko haya si ya kubadilisha kichwa tu. Kwa uzito uleule, kichwa cha shaba ni kirefu zaidi, hivyo huingia ndani zaidi ya ganda, hupunguza nafasi ya baruti na kuweza kupandisha shinikizo. Kipimo cha baruti kilichokuwa salama kwa kichwa cha zamani kinaweza kuwa cha hatari kwa hiki. Hapa hakuna kubahatisha: hutumiwa jedwali la mtengenezaji wa kichwa husika, na kazi huanza kwa kipimo cha chini. Urefu huo pia hudai mtutu unaokizungusha kwa kasi ya kutosha, la sivyo kitayumba hewani, na baadhi ya mitutu ya zamani haikidhi haja hiyo. Vichwa hivi aghalabu hupenda kuachiwa nafasi kidogo kabla ya kugusa mikato ya ndani ya mtutu inayovizungusha, na mitutu hutofautiana katika hili, kwa hiyo mjazaji hutengeneza mafungu madogo yenye urefu tofauti na kuyapiga kwenye karatasi kabla ya msimu. Akishapata fungu linalokusanya matundu pamoja, hurekebisha darubini ya bunduki upya, kwani risasi mpya mara chache hupiga palepale ilipokuwa ikipiga ile ya zamani.