Eti aliyekulia shamba hapati stresi?

Hapana bwana, anapata, tena pengine kumzidi wa mjini. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichukua wanaume 40, nusu wamekulia shambani kwenye mifugo, nusu mjini bila hata paka nyumbani, wakawasimamisha mbele ya majaji waliokunja sura watoe hotuba halafu wapige hesabu za kichwa, na hao wa shamba ndo waliosema wamebanwa zaidi. Ila damu ikasimulia mengine: kinga ya wa mjini iliwaka kama vile kuna kidonda, ikachelewa kupoa. Kwa hiyo kuhisi presha na mwili kuumia ni vitu viwili tofauti. Wanashuku vijidudu vya mifugo utotoni vinaifundisha kinga kutulia (japo watu 40, tena wanaume tupu, ni wachache).