Friji Linapokupiga "Kidogo"

Wiki iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja Temeke kufunga soketi mpya sebuleni. Nikaomba maji ya kunywa. Mama mwenye nyumba akamwambia binti yake, "Vaa ndala kwanza." Nikauliza ndala za nini. "Friji letu lina shoti kidogo, fundi. Tumeshalizoea, ukivaa ndala halikufanyi kitu."

Soketi nikaiacha hapo hapo. Maneno hayo nimeyasikia kwenye nyumba nyingi mno tangu nianze kazi hii ya umeme, na bado yananitisha kila mara.

Nilipogusisha tesita, ile kalamu ya kupimia umeme, kwenye mlango wa friji, ikawaka. Nikagusa bati la pasi iliyokuwa imechomekwa mezani, nayo ikawaka, na pasi yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Nyuma ya friji panya walikuwa wametafuna waya mpaka shaba ikaegemea bati. Nikatoka nje kutazama ethi, yaani waya na fimbo ya shaba vinavyopeleka umeme unaovuja ardhini: waya umekatwa karibu na ukuta, fimbo haipo, wameondoka nayo wezi wa vyuma chakavu. Hakuna aliyejua iliibwa lini. Ethi ikiondoka taa zinaendelea kuwaka na friji linaendelea kugandisha, kwa hiyo hakuna kinachokushtua.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Fezi, yaani waya wenye umeme, ikigusa bati la friji, bati zima linakuwa na volti hizo. Ethi ikiwepo, umeme unaovuja unapata njia ya kwenda ardhini. Isipokuwepo, unakaa pale pale ukisubiri njia, na njia hiyo ni wewe. Ukiwa na ndala kavu juu ya sakafu kavu, njia ni mbovu, unahisi mtekenyo tu. Siku mtoto ametoka kuoga, hana kiatu, sakafu imepigwa deki, volti ni zile zile 230 ila njia imefunguka. Hicho "kidogo" kilikuwa cha ndala, umeme haukuwahi kuwa kidogo.

Na pasi je? Waya wa ethi unaunganisha soketi zote za nyumba. Fimbo ikikosekana, uvujaji wa friji unazunguka kwenye waya huo na kutokea kwenye pasi, kwenye jiko, hata kwenye hita ya maji ya kuogea, ambako mtu amesimama mwili mzima umelowa. Watu wananunua pasi ya pili na ya tatu, kumbe ugonjwa uko jikoni.

Wengi hunijibu, "Lakini tuna breka." Breka ya soketi ya ampea 32 imewekwa kulinda waya usiungue. Mwili wa binadamu unaweza kuuawa na sehemu ndogo sana ya ampea moja, na breka hiyo isitikisike. Kinachomlinda mtu ni RCD, ile yenye kitufe cha herufi T, inayokata umeme ukivuja miliampea 30 tu, yaani chini ya sehemu ya elfu ya zile ampea 32. Lifungue boksi lako la breka leo uone kama unayo. Kama unayo, bonyeza T. Isipojizima hapo hapo, imekufa, ita fundi.

Kuna tabia nyingine inaniuma. Chaja au redio ina plagi ya miguu miwili, soketi zetu zina matundu matatu, basi mtu anachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi iingie. Tundu lile ni la ethi. Mguu wake kwenye plagi ya miguu mitatu ni mrefu kwa makusudi, uingie wa kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, vilivyowekwa ili mtoto asitie msumari. Nunua adapta.

Pua nayo ni kipimo kizuri. Ukisikia harufu kama ya samaki na nyumbani hakuna aliyepika samaki, gusa ukuta karibu na soketi na plagi kwa nje. Plastiki ya vifaa vya umeme ikipata joto kali hunuka hivyo, kabla moshi haujaonekana. Mara nyingi chanzo ni ekstensheni. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 tayari vimepita hapo, na waya wa ekstensheni nyingi za bei rahisi hauwezi hata nusu yake. Halafu fyuzi ikikatika, mtu anaviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake. Sasa kilichobaki cha kuungua ni waya wenyewe wa ekstensheni.

Kuchomoa kifaa, kuzima meni swichi na kurudisha breka mara moja tu ni kazi yako. Ikitripu tena, usiilazimishe, wala usikubali ifungwe kubwa zaidi, ita fundi. Mwite pia kwa mtekenyo wowote, soketi yenye rangi ya kuungua, swichi inayolia cheche, au maji yaliyoingia darini. Lakini taa zikianza kuwaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zikififia, zima meni swichi kwanza: huenda nyutro, waya wa kurudishia umeme, imelegea, na ikiwa imelegea kwenye nguzo, hiyo ni ya TANESCO, kama ilivyo kila kitu kuanzia nguzo hadi mita ya LUKU. Sili ya mita usiiguse, na fundi anayekuambia ataikata mwombe aondoke.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima meni swichi. Ikiwa mbali, msukume kwa ubao mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu.

Fundi akija, mwulize leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajafungua chochote. Tesita inaonyesha kama umeme upo tu, haiwezi kukuambia kama ethi inafanya kazi. Kwa hiyo akikufungia fimbo mpya, mwambie aipime kwa mita ya ethi ukiwa umesimama naye. Ile ya Temeke tuliichimbia upande wa bafuni, penye unyevu hata kiangazi, na kuifunika kwa zege.